Waranti Haizeeki

Afande aliinua mkono, na Masese akakanyaga breki.

Haikuwahi kutokea. Gari la maiti likiwa na matawi mabichi kwenye boneti na picha ya marehemu kwenye kioo, polisi huliacha lipite tu. Ndiyo maana Masese aliichagua kazi hii. Tangu ashikwe na lori lililozidishiwa mawe ya kuchonga ya Tabaka, akaachiliwa kwa bondi, na siku ya kesi akaingia mitini, hakuendesha kingine ila maiti. Karani mmoja wa korti alikuwa amemwambia kwamba waranti haizeeki, na tangu hapo hakuwahi kulala vizuri.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na ukingo wenyewe, hebu ona, ni kizuizi cha polisi cha Keumbu, mchana kweupe, na jeneza la nyuma ni la mdogo wake, Okemwa.

"Leseni," afande akasema.

Masese akaitoa mfukoni. Afande akaipokea, akaanza kubonyeza simu yake.

"Mwanangu, tuache tuzike," mama yao, Mong'ina, akasihi kutoka kiti cha pembeni. "Kaburi limeshachimbwa huko Manga."

"Pole sana, mama. Sitawachelewesha."

Masese aliziona pingu kabla hazijatoka. Angekosa kumzika Okemwa, na tayari walikuwa wameachana vibaya. Siku polisi walipokuja nyumbani kumtafuta, Masese alijificha katikati ya michai hadi jua likatua. Aliporudi, Okemwa hakuwapo. Mama akasema ameenda Kericho kuchuma majani chai. Miezi ikapita, Okemwa akarudi amekonda, kichwa kimenyolewa, hana hata kilo ya sukari mkononi. Masese alimnunia kwa uchoyo huo mpaka homa ilipomchukua. Polisi nao hawakurudi tena, na Masese alijisifu moyoni kwamba amewapiga chenga.

"Masese Mogire," afande akasoma. "Kesi ya trafiki, korti ya Nyamira."

Alikuwa amechoka kuogopa.

"Ni mimi, afande. Nishike, lakini niache nimzike ndugu yangu kwanza."

"Nikushike kwa nini? Waranti hii iliondolewa zamani. Masese alipelekwa kortini, faini ikamshinda, akafungwa, akamaliza kifungo chake."

Mama Mong'ina akainamisha kichwa.

"Mimi sijawahi kufungwa," Masese akasema.

"Hata mimi nashangaa. Leseni ina sura yako, lakini mfungwa ni mwingine."

Afande aligeuza simu ili waione picha ya mfungwa. Kisha akainua macho, akaitazama ile iliyobandikwa kwenye kioo cha gari, na polepole akavua kofia.