Nafasi ya Jina la Saba

Siku yake ya mapumziko, muuguzi Wakesho alipanda treni hadi mji mdogo wa pwani ya Uingereza, kutazama kanisa la kale la mji huo. Ndani alimkuta mama mzee, Winifred, mtunzaji wa kanisa, akipanga vitabu vya nyimbo.

Ukutani palikuwa na bamba la jiwe la kuwakumbuka waokoaji saba waliozama wakiiendea meli iliyopasuka. Wakesho akayasoma majina. Yalikuwa sita, na chini yake palibaki patupu.

"Mama, mbona hapa pameachwa?"

"Hapo ni pa baba yangu," Winifred akasema. "Maiti yake haikuonekana. Mama hakukubali jina lake lichongwe. Alisema mumewe amechelewa tu, akaniapisha nisiliruhusu. Sasa nina miaka themanini na mitatu, na sina mtoto. Nikiondoka, nani atajua kwamba aliishi? Fundi wa kulichonga anakuja kesho."

Wakesho akasogea. Pale patupu herufi za jina zilikwisha kuchorwa kwa penseli, hafifu mno, zikisubiri patasi.

"Bado naweza kumkataza," Winifred akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hebu nisomee, binti. Sijawahi kusikia mtu akilitamka humu ndani."

"Edwin Thomas Pascoe," Wakesho akasoma polepole.

Sauti ikapanda hadi kwenye boriti za paa. Winifred hakulitazama jiwe. Aligeuka kuelekea mlangoni, akaweka sawa ukosi wa koti lake, akasimama wima kama anayemngoja aliyechelewa.