Kishikio cha Buluu

Katika zahanati ya Kibuyuni, Yusra alichomeka kwa haraka, kwenye mashine ya mtandao, kifaa cha faiba chenye kishikio cheusi. Taa ya mtandao haikuwaka. Akakichomoa, akachomeka cha buluu. Wapi!

Vyote viwili vilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, ila cheusi huishia mita mia tatu na cha buluu hufikisha mwanga kilomita kumi. Mnara wa mtandao, wenye kifaa kama hicho upande wa pili wa waya, ulikuwa kilomita nane tu. Sasa kosa liko wapi? Akavipuliza vijino vya dhahabu vya kifaa hicho, akidhani vimeingia chumvi ya bahari.

"Mwanangu," mkunga alimwita, "daktari aliye Msambweni bado hajaiona picha ya ultrasaundi, na mzazi anazidi kutoka damu."

"Nivumilie kidogo, mama."

Akampigia simu mwenzake aliyekuwa mnarani.

"Huko umeweka cha rangi gani?"

"Kwani rangi zina maana?"