Bila Plagini

Mume wangu alipoweka plagini zake, programu ndogo za kurekebishia muziki, kwenye kompyuta mpya, ilimuuliza: fomati ya zamani, mpya, au zote mbili? Akachagua mpya peke yake. "Ya zamani inajaza diski bure," alisema.

Alipofungua wimbo wetu, onyo likajitokeza: plagini ya kunyoosha sauti haipo. Wimbo ulitengenezwa kwa ile ya fomati ya zamani.

"Usiucheze kwanza," nikamwomba. Miaka yote amenitania, hata mbele ya wageni, kwamba bila plagini ile mimi ni mlango usiotiwa mafuta.

Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Nikaisikia sauti yangu, tupu, haijapakwa chochote. Kila noti ilikaa mahali pake. Kwenye kiitikio ikapanda juu kabisa, ikatulia huko kama iko kwao.

Mkono wake ukakimbilia kitufe cha kuzima. Kucha alikuwa amezitafuna hadi nyamani.

"Ngoja niirudishe ile ya zamani, mama watoto," akasema bila kunitazama. "Hapa wimbo umeharibika."

Nikamshika kifundo cha mkono.

"Iache imalize, baba watoto. Halafu uniambie umejua tangu lini."