Mtihani wa Neno la Siri

Mgeni aliingia kijijini Kengeja bila taarifa, begi la kompyuta kalikumbatia kama mtoto mchanga, suruali nyeupe kwa vumbi la gari la abiria. Akamuulizia Shatha.

"Mimi ndiye Mkurugenzi wa Kituo cha Usalama wa Mitandao," alisema kabla hata ya kukaa. "Umeomba nafasi ya utafiti wa likizo. Mfumo wetu umegoma. Nipe neno lako la siri nifungue maombi yako."

Shatha nusura acheke. Mwaka wa pili chuoni, anaswe na mtego wa kitoto namna hii? Nafasi ilikuwa moja kwa kisiwa kizima, naye aliitaka kuliko usingizi. Tangu tapeli alipomhadaa mama yake kwa simu hadi akataja namba ya siri, akiba ya karafuu ikayeyuka, alikuwa ameazimia kuusomea ulinzi wa mitandao. Siku ya kujiandikisha, Bi Suzana, katibu wa kituo, alimwapisha: "Neno lako usimwambie mtu, hata mimi."

Sasa wamemleta mtu wa kumjaribu. Na kitambulisho wamemvisha!

"Samahani, mzee wangu. Sitaji."

Mama yake, Bi Mwanamize, nusura aangushe birika kwa aibu. "Weye Shatha! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu katoka Mkoani na jua lote hili, akuombe neno tu, humpi?"

"Mama, si ndivyo walivyokuibia?"

"Yule alikuwa kwenye simu. Huyu anakula muhogo wangu!"

Mgeni alikula muhogo, akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. "Bila neno hilo nafasi utaikosa, binti."

"Basi niikose," akajibu kwa furaha, akijua hapo ndipo penye alama. Moyoni alimsifu: jasho lile, hasira zile, huyu fundi kweli! Alimsindikiza hadi barabarani.

"Umejitahidi, mzee wangu," akamwambia. Mgeni alimkodolea macho, akapanda gari.

Wiki iliyofuata Bi Suzana akapiga simu.

"Pole, Shatha. Nafasi kapewa kijana wa Kiuyu. Yeye alitaja kabla chai haijapoa."

"Lakini ule mtihani..."

"Mtihani gani, mdogo wangu? Yule alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Alibonyeza tangazo la simu za bure, mfumo mzima ukafungwa. Ndipo akazunguka kisiwa, nyumba kwa nyumba, kuwaombeni maneno yenu."

Shatha akakaa sakafuni.

"Ila kakuonea huruma," Bi Suzana akaendelea. "Kasema ukinitajia sasa hivi, anakufungulia nafasi ya pili."

Mlangoni, mama yake alimwashiria kwa mikono yote miwili: taja!

Shatha akampa mgongo.

"Bi Suzana," akasema, "uliniambia nisimwambie mtu, hata wewe."