Shingo ya Daktari wa Meno

Kila Jumatatu daktari wa meno alimletea Lubomir shati lililopasuka mgongoni, na sababu haikubadilika: amenenepa. Lubomir, aliyekuwa fundi wa nguo kwa miaka arobaini pale Chicago, hakuona hata kitambi.

Asubuhi hii gazeti lilikuwa mezani. Zimwi lililobomoa daraja Ijumaa lilikuwa limepigwa picha kwa karibu, na shingoni mwake kilining'inia kipande cha kola kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Wiki iliyopita uzi mweupe ulimwishia Lubomir, akamalizia kola ya daktari kwa wa kijani.

"Nipime upya, mzee," daktari alisema, akifungua kifungo cha juu. "Shingo inanibana."

Lubomir akamzungushia futi. Inchi kumi na tano, kama siku zote. Kwa kiwiko akalisukumia gazeti chini ya vitambaa.

"Unaficha nini hapo?"

"Habari za mpira tu, daktari. Tumefungwa tena."

Daktari hakucheka. Futi ikaanza kukaza kwenye vidole vya Lubomir. Kumi na sita. Kumi na nane.

"Habari za ule uzi wa kijani," daktari alisema, kwa sauti nzito isiyokuwa yake, "umemwambia nani mwingine?"