Kitambaa Juu ya Taa

Siku hizi kila nyumba inaishi na marehemu wake sebuleni, ndani ya seva, kompyuta inayotunza akili na sauti yake. Mume wangu, Mzee Kihiyo, yuko kando ya kabati la vyombo, na mgeni akiingia humwamkia yeye kwanza. Seva yangu nayo imeshanunuliwa, iko chini ya yake, inanisubiri.

Kila seva ina pawa saplai mbili, vifaa vya kuingizia umeme, ili moja ikifa nyingine imshike mtu. Kila moja ina kitaa chake. Kijani kilichotulia, umeme unaingia. Rangi ya chungwa, hiyo haipati kitu, imebaki mwenzake tu.

Jana, nikipangusa vumbi, nikakuta kitaa kimoja cha mzee kimefunikwa kitambaa changu cha kufuma. Nikakifunua. Chungwa! Waya wake umening'inia, na kwenye soketi yake imechomekwa friza ya barafu za kuuza.

"Hemedi! Umemchomoa baba yako?"

"Upande mmoja tu, Mama. Si ule mwingine bado kijani?"

Mkewe, Mwanaidi, akalamba ukwaju kidoleni. "Mama naye! Baba mwenyewe hajalalamika. Eti Baba, hujambo?"

"Marahaba," mzee akajibu, polepole, kama aliyeamkiwa na mtu mwingine.

Wakacheka wote wawili. Nikaichomoa friza yao, nikamrudishia mzee waya wake, nikangoja hadi kijani kikatulia.

Ndipo nilipoinama kuitazama seva yangu. Ina waya mmoja. Upande wa pili umeshatandikwa kitambaa.