Jumbe Mteule Migombani

Asubuhi ambayo ilimpasa awe anaijaribu kofia ya ujumbe, Lengai alikuwa amelala kifudifudi kati ya migomba yake mwenyewe, mkuki ubavuni, akiwachungulia morani waliokuwa wakiichungulia nyumba yake.

Morani hao walikuwa wa Sakaya, jumbe anayeondoka, na kila mmoja alishika rungu. Wengine walisimama kwenye njia ya kushukia Terrat, wengine kule juu, njia inapoingia msitu wa Meru.

Mkewe, Naipanoi, alimletea kibuyu cha maziwa, akakiweka karibu na kinywa chake kama anayelisha ndama.

"Baba Naeku, utatoka lini?"

"Sema polepole! Sakaya hataki kuachia kiti. Anataka kuniua."

"Jumbe anayejificha migombani atamtawala nani? Ndizi?"

Lengai alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka maziwa yakampalia. Ni juzijuzi tu alikuwa simba! Bwana mkubwa wa boma la Wajerumani alikuwa amechoshwa na ugomvi wa wazee, akaamuru wajichagulie jumbe wenyewe: wanaomtaka Sakaya wasimame ng'ambo hii ya mfereji, wanaomtaka Lengai ng'ambo ile. Watu hawakuwahi kugawanyika namna hiyo. Mtu na nduguye walitazamana juu ya maji bila salamu.

Siku hiyo Lengai alihutubia mpaka sauti ikamkauka.

"Mtazameni Sakaya!" alinguruma. "Hata barazani haketi na wenzake. Husimama tu kama mlingoti wa bendera. Majivuno gani hayo?"

Watu wakaangua kicheko. Sakaya aliinamisha kichwa.

Lengai alishinda kwa watu wachache sana, na waliomvusha ni shemeji zake Sakaya, walioruka mfereji hesabu ikiwa imekwisha kuanza. Lengai hakuwa na shaka kwamba ni ulimi wake uliowageuza. Alirudi nyumbani akitembea kwa mwendo mpya, wa polepole, tumbo mbele, ingawa tumbo lenyewe hakuwa nalo.

Tangu hapo, hofu. Watu wa Sakaya waliziba mfereji, mashamba ya wenzao yakakauka. Kijana mmoja alivunjwa mkono akijaribu kuuzibua. Kisha zikaja habari kwamba Sakaya amechinja fahali na kuwalisha morani nyama, kama watu wanaokwenda vitani. Kisha yale marungu njiani.

"Nitakwenda kwake," Lengai alisema, akijipangusa maziwa kidevuni. "Kabla watoto wa watu hawajauana. Na kama nikifa..."

"Ukifa nitawaambia ulikufa umesimama," Naipanoi alisema. Halafu sauti yake ikalegea. "Lakini jikung'ute majani kwanza. Na urudi."

Alishuka bila mkuki. Njiani alijaribu kupanga hotuba ya amani, lakini magoti yaligongana na kumvuruga maneno. Alijicheka kimoyomoyo: mtu aliyetaka kuongoza watu ameshindwa kuongoza magoti yake mwenyewe.

Morani walimfuata. Aliposimama, walisimama. Alipotupa jicho kichakani, mmoja wao alisogea upande ule wa kichaka.

Sakaya alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, kofia nyekundu kichwani, fimbo ya ujumbe mkononi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kufika kushuhudia makabidhiano, wamekaa mbalimbali, na kila upande ulikuja na mikuki yake.

"Karibu, Lengai."

"Sakaya, sisi ni rika moja," Lengai alianza. "Tulitahiriwa pamoja. Sitaki damu imwagike kwa ajili ya kofia."

Hapo ndipo hotuba aliyoipanga ilipoishia. Aliyatazama marungu, na ulimi ukaendelea wenyewe.

"Kama unaona uchungu kuondoka, basi baki. Leo hii, mbele ya wazee, mimi najitoa. Ujumbe ni wako."

Watu wa Lengai waliguna kwa aibu. Naye alitamani ardhi impasukie. Lakini uso wa Sakaya ndio uliobadilika. Uligeuka rangi ya jivu.

"Mshikeni!" Sakaya alipiga kelele.

Morani wakamrukia. Lengai alifumba macho, akangojea rungu la kwanza.

Kilichotua kichwani mwake kilikuwa chepesi, tena kina jasho. Alipofumbua macho, kofia nyekundu ilikuwa imemfika masikioni, na mtu alikuwa akiikunjua ngumi yake kidole kwa kidole ili aingize fimbo. Ndani ya nyumba, mke wa Sakaya alipiga vigelegele.

Sakaya aliinama kuikaza kofia isidondoke. Shuka likamteleza begani, na mgongo wake ukaonekana wote, mpaka chini ya kiuno: matuta ya kiboko, mapya juu ya ya zamani, mengine bado mabichi.

"Bwana mkubwa anataka wachukuzi wengine wa mizigo," alimnong'oneza Lengai, kwa upole kabisa. "Wasipopatikana, anayeitwa bomani ni jumbe."

Kisha akawageukia morani.

"Mshikeni na miguu mpaka askari wa boma afike. Mimi, siku yangu ya kuvishwa, walinishika mikono tu, wakaja kunitoa msituni."